Kuacha Unga Siyo Kupona: Sayansi Inasema Nini Kuhusu Maumivu, Uraibu na Methadoni

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda sana, matatu husimama Kona ya Musa kuchukua abiria wa kuelekea Kombani na Likoni. Wengine wanakwenda kazini, wengine sokoni, wengine hospitalini. Miongoni mwao wamo watu wenye safari isiyo na likizo. Wanakwenda kwenye kliniki ya Kombani, wanakunywa dawa kidogo kwenye kikombe mbele ya mhudumu wa afya, kisha wanarudi nyumbani. Kesho yake wanaanza tena. Iwe Jumapili, Idi, Krismasi au siku ya mvua kubwa, safari ni ile ile.

Dawa hiyo inaitwa methadoni, na hutolewa kwa watu wanaotibiwa uraibu wa heroini, ambayo mitaani huitwa unga. Wengi wanaoitazama safari hiyo kutoka barazani huwa na swali moja: ikiwa kijana ameacha unga, kisha akapewa dawa nyingine ya kunywa kila siku, ameacha nini hasa?

Nyumba ya pili, swali hilo limegeuzwa. Mama anaumwa saratani. Ametoka hospitalini na chupa ya mofini, lakini wanawe wameificha kabatini. Wamesikia kuwa mofini na unga ni ndugu, nao hawataki mama yao afe akiwa mraibu. Afadhali avumilie, wanasema, huku usiku mzima nyumba nzima ikimsikia akilia.

Nyumba hizi mbili ni za mfano, lakini hofu zilizomo ndani yake husikika katika mitaa mingi ya Ukunda, Diani na Msambweni. Zote mbili zinatoka kwenye chanzo kimoja: kutotenganisha mwili uliozoea dawa na mtu aliye na uraibu. Watafiti wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na baadhi ya mafunzo yake yalipatikana hapa hapa Pwani. Kulielewa kunaweza kuokoa maisha katika nyumba zote mbili.

Kufuli na ufunguo

Afyuni ni utomvu wa mmea wa mpopi. Mnamo 1804 hivi, mfamasia Mjerumani Friedrich Sertürner alifanikiwa kuutoa ndani yake ule uzito unaotuliza maumivu, akauita mofini. Mwaka 1874, mwanakemia C. R. Alder Wright wa London aliipika mofini na kupata kitu chenye nguvu zaidi. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kukiuza kama dawa ya kikohozi kwa jina la Heroin. Kwa hiyo kile kinachouzwa leo kwa kete kilianza safari yake kwenye rafu za maduka ya dawa.

Kwa muda mrefu haikujulikana dawa hizi zinafanyaje kazi mwilini. Jibu lilianza kupatikana mwaka 1973, Candace Pert na Solomon Snyder wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walipoonyesha kuwa ubongo una sehemu maalumu ambazo mofini hunasa, kama ufunguo unavyoingia kwenye kufuli. Sehemu hizo huitwa vipokezi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1975, John Hughes na Hans Kosterlitz wa Aberdeen, Uskoti, waligundua kwamba mwili wenyewe hutengeneza funguo zake, yaani kemikali za asili zinazotuliza maumivu.

Mvuvi anayekatwa na kamba ya nyavu katikati ya dhoruba huweza asihisi chochote mpaka afike pwani. Sehemu ya utulivu huo hutoka kwenye funguo hizo za asili. Mwili unazitoa kidogo, kwa wakati wake, kisha unazifuta.

Mofini, heroini, tramadoli na methadoni zote ni funguo za kutoka nje zinazoingia kwenye kufuli hizo hizo. Kwenye uti wa mgongo hupunguza habari za maumivu zinazopanda kwenda kwenye ubongo. Ndani ya ubongo hupunguza uchungu na hofu, na huleta raha. Kwenye utumbo husababisha kufunga choo. Kwenye sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi, hupunguza kasi ya kupumua. Hapo ndipo hatari kubwa ilipo: mtu anayekufa kwa kuzidisha unga hufa kwa sababu amesahau kupumua.

Kinachozitofautisha dawa hizi ni kasi ya ufunguo kuingia, muda unaokaa ndani ya kufuli, kipimo, na anayekishika kipimo hicho. Heroini ikichomwa kwa sindano hufika kwenye ubongo kwa muda mfupi sana, hulewesha, kisha huisha baada ya saa chache. Methadoni ikinywewa huingia polepole, hailewesi kwa kishindo, na hukaa mwilini kwa zaidi ya siku nzima.

Kuzoea si uraibu

Mtu yeyote anayetumia dawa za jamii ya afyuni kila siku kwa wiki kadhaa, mwili wake utazoea. Kipimo kilichomtosha mwanzo hakitamtosha baadaye. Akisimamisha ghafla, atapata arosto: kutokwa na jasho na makamasi, kuumwa na mifupa, kutapika, kuharisha, kukosa usingizi. Hayo yatampata mzee wa miaka 70 anayetibiwa saratani sawasawa na kijana wa maskani.

Jambo hili si geni hata kwa mtu ambaye hajawahi kuona unga. Mnywaji wa kahawa chungu wa kila siku huumwa na kichwa siku za kwanza za Ramadhani. Mwili wake umezoea kahawa, nao unadai. Hakuna anayemwita mraibu kwa sababu hiyo.

Uraibu ni jambo jingine. Wataalamu wa afya hutazama mwenendo: mtu hawezi kujizuia ingawa anataka, dawa imechukua nafasi ya kazi, ndoa, watoto na ibada, anaendelea kutumia hata akiona inamharibia afya na kumfikisha korokoroni. Mama wa saratani anayekunywa mofini kwa kipimo, kisha akaweza kuketi na wajukuu wake, mwili wake huenda umezoea dawa, lakini hana uraibu. Dawa imemrudishia maisha, wakati uraibu huyaondoa.

Kipimo hicho hicho ndicho cha kumpima anayekunywa methadoni. Mwili wake unaitegemea, na hilo halikanushwi. Swali la kuuliza ni jinsi siku yake inavyokwenda: anaiba, anajidunga na kukimbizwa, au anafanya kazi na kulala nyumbani?

Somo la Pwani la mwaka 2010

Heroini ilianza kuonekana katika miji ya Pwani ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Awali ilikuwa ya rangi ya kahawia, na wengi waliivuta kwa moshi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaingia heroini nyeupe, inayoyeyuka kwa urahisi kwenye maji, na sindano zikaenea. Mtafiti Susan Beckerleg na wenzake waliofanya kazi Malindi na Watamu waliyaeleza mabadiliko hayo katika makala waliyochapisha mwaka 2005.

Kisha, kati ya Desemba 2010 na Machi 2011, unga uliadimika Pwani. Kwa wazazi wengi hiyo ilikuwa dua iliyojibiwa. Kama tatizo lilikuwa unga, na unga umekwisha, basi tatizo limekwisha.

Haikuwa hivyo. Watafiti waliohoji watumiaji wa Pwani kuhusu kipindi hicho walikuta watu waliozidiwa na arosto bila pa kukimbilia, kwa sababu nafasi za matibabu zilikuwa chache mno. Baadhi waligeukia pombe, vidonge na michanganyiko ya dawa ambayo hawakuijua. Baadhi walijidunga kwa njia za hatari zaidi. Unga uliondoka sokoni kwa miezi kadhaa, lakini uraibu haukuondoka vichwani.

Sababu ni kwamba ubongo hujifunza. Kila kete humfundisha mtumiaji kuunganisha raha na mahali, watu, harufu na saa. Arosto ya mwili kwa kawaida hupungua ndani ya siku 5 hadi 10. Mafunzo ya ubongo hubaki kwa miezi na miaka. Ndiyo maana kijana aliyekaa safi shambani kwa shangazi yake anaweza kurudi, akashuka kwenye gari, akaona kona ile na sura zile, na kiu ikamrudia kama vile aliacha jana.

Utafiti mmoja wa Marekani unaonyesha upande wa pili wa jambo hilo. Katika miaka ya 1970, mtafiti Lee Robins aliwafuatilia wanajeshi waliorudi kutoka Vietnam, ambako heroini ilikuwa rahisi kupatikana na wengi walikuwa wameizoea. Ilihofiwa kwamba wangerudi nayo nyumbani. Lakini wengi wao hawakurudia uraibu. Vita na maskani ya kule vilibaki mbali, na nyumbani walikuta maisha mengine. Kijana wa Ukunda hana bahari ya kumtenganisha na maskani yake. Anaponea pale pale alipougulia, na kwa hiyo anahitaji msaada zaidi, na wa muda mrefu zaidi.

Kabla methadoni haijafika Kenya, wengi walikuwa wakijitibu wenyewe. Watafiti waliozungumza na watumiaji wa heroini Nairobi na Pwani, ambao kazi yao ilichapishwa mwaka 2015, walisimulia jinsi watu walivyojaribu kuacha mara kwa mara kwa nguvu zao wenyewe na kwa msaada wa jamaa, kisha wakarudia. Wengi walijifunza kutotarajia makubwa. Aliyerudia alionekana hana nia, ilhali alikuwa amekosa tiba.

Hatari inayojificha nyuma ya kuacha

Hili ndilo jambo ambalo kila familia yenye mtumiaji inapaswa kulijua. Mwili husahau haraka, lakini kiu haisahau.

Mtu akikaa wiki chache bila unga, uwezo wa mwili wake kuhimili dawa hushuka. Kipimo alichokuwa akikitumia zamani bila tabu sasa kinaweza kumuua. Naye akirudia, mara nyingi hurudia kwa kipimo kile kile anachokikumbuka.

Utafiti uliofanywa katika jimbo la Washington, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2007, uliwafuatilia zaidi ya watu 30,000 waliotoka gerezani. Katika wiki 2 za kwanza za uhuru, hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa za kulevya ilikuwa mara 129 ya ile ya wakazi wengine. Hizo ni takwimu za kule, lakini mwili wa binadamu ni mmoja. Aliyetoka Shimo la Tewa, aliyefungiwa chumbani na nduguze, na aliyepelekwa bara kusafishwa, wote wanaweza kurudi na hatari hiyo hiyo.

Kwa hiyo kumfungia mtu mpaka arosto iishe, kisha kumwachilia bila tiba ya kuendelea, kunaweza kumweka pabaya kuliko alipokuwa. Familia hufanya hivyo kwa mapenzi. Mapenzi hayo yanahitaji kliniki nyuma yake.

Dalili za mtu aliyezidisha ni hizi: haamki hata akiitwa kwa sauti na kutikiswa, anapumua kwa nadra au anakoroma kwa shida, midomo na kucha zimekuwa za buluu au kijivu, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya pini. Akiwa hivyo, ita msaada mara moja na mpelekeni hospitali iliyo karibu. Wakati mnasubiri gari, mpumulishe kwa mdomo ikiwa hapumui vizuri na unajua namna. Akiwa anapumua, mlaze kwa ubavu ili asipaliwe na matapishi. Usimwage maji baridi, usimnyweshe maziwa wala maji ya chumvi, na usimwache peke yake akidhaniwa amelala tu.

Ipo dawa iitwayo naloksoni inayoondoa afyuni kwenye kufuli na kumrudishia mtu pumzi kwa dakika chache. Nguvu yake hupungua mapema kuliko ya unga, kwa hiyo hata aliyezinduka lazima aangaliwe na wahudumu wa afya.

Dawa ya moto ni moto

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, na methadoni inafanana na msemo huo, kwa sharti kwamba moto wa pili unashikwa na mtu anayeujua.

Mwaka 1965, madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York walichapisha matokeo ya kuwapa waraibu wa heroini methadoni ya kunywa kila siku. Wagonjwa waliacha kuhangaika na arosto, kiu ikapungua, na baadhi wakarudi shuleni na kazini. Kwa kuwa methadoni imekaa kwenye kufuli mchana na usiku, hata mtu akijidunga heroini juu yake haoni raha aliyoizoea.

Tangu wakati huo tiba hii imechunguzwa katika nchi nyingi. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Mwaka 2017 watafiti walikusanya takwimu za watu 122,885 waliotibiwa kwa methadoni katika nchi mbalimbali. Walipokuwa kwenye tiba, walikufa takriban 11 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Walipokuwa nje ya tiba, walikufa 36. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa hatari ya kuambukizwa Virusi vya Ukimwi miongoni mwa wanaojidunga ilipungua kwa takriban nusu kwa wanaopata tiba hii. Kwa Kenya hilo lina uzito wa pekee. Uchunguzi wa mwaka 2011 jijini Nairobi ulikuta karibu mtu 1 kati ya kila 5 wanaojidunga ana virusi hivyo. Dawa inayonyweka haihitaji sindano.

Afrika Mashariki, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili jijini Dar es Salaam ilianza kutoa methadoni mwaka 2011. Kenya ilianza Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, na huduma ikaenea Pwani, ikiwemo Malindi, Mombasa na Kombani hapa Kwale.

Methadoni si dawa ya kuchezea. Huanzishwa kwa kipimo kidogo na kupandishwa taratibu, kwa sababu wiki za kwanza zina hatari ya kuzidi. Ikichanganywa na pombe au vidonge vya usingizi inaweza kusimamisha pumzi. Husababisha usingizi, jasho na kufunga choo, na kwa baadhi ya watu huathiri mapigo ya moyo. Kipimo cha mtu mzima aliyezoea kinaweza kumuua mtoto au mtu asiyezoea. Ndiyo maana hunywewa mbele ya mhudumu.

Tiba hii pia haina tarehe ya mwisho iliyopangwa kwa wote. Wapo wanaoihitaji kwa miaka, kama mgonjwa wa kisukari anavyohitaji dawa zake. Makosa yanayorudiwa ni familia kumwambia mtu, "Umeshapona sasa, acha na hiyo," baada ya miezi michache ya utulivu. Utulivu ule ndio dalili kwamba dawa inafanya kazi. Kupunguza kunawezekana, lakini kufanywe polepole pamoja na kliniki. Takwimu zile za mwaka 2017 zinaonyesha kuwa wiki za kwanza baada ya kutoka kwenye tiba ni za hatari kubwa.

Mjamzito anayetumia heroini naye asiache ghafla kwa kujifungia. Arosto kali inaweza kumdhuru yeye na mtoto. Shirika la Afya Duniani linapendekeza aanzishiwe tiba kama ya methadoni, huku akiendelea na kliniki ya wajawazito.

Maumivu yanayohitaji mofini, na yasiyoihitaji

Katika nyumba ya pili, chupa bado iko kabatini.

Mofini ni dawa halali na ya lazima kwa maumivu makali ya saratani, ya upasuaji, ya ajali kubwa, na ya selimundu inapomshika mgonjwa vibaya. Tume ya jarida la Lancet iliyotoa ripoti yake mwaka 2017 ilikuta kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zaidi zilipata tani 0.1 tu. Kwa hiyo sehemu nyingi za dunia zina uhaba wa mofini ilhali maumivu yamejaa.

Jirani zetu Uganda walionyesha kuwa umaskini si kizuizi. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mofini ya maji, ya bei nafuu, ikawafikia wagonjwa majumbani. Mgonjwa aliyeandikiwa mofini na daktari anywe kwa saa zake, bila kusubiri azidiwe. Familia iifungie chupa mbali na watoto na wageni, lakini isiifungie mbali na mgonjwa.

Maumivu sugu ni habari nyingine. Kwale ina wachimba mawe ya ujenzi, wagema waliowahi kuanguka mnazi, waendesha bodaboda wanaokaa kwenye pikipiki kutwa nzima, na kina mama wanaobeba maji. Mgongo na magoti yao huuma kwa miezi na miaka. Wengine wameambiwa na rafiki wanunue tramadoli. Kidonge kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vinne.

Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la wagonjwa 240 wenye maumivu sugu ya mgongo, nyonga au magoti. Nusu walipewa dawa za jamii ya afyuni, nusu dawa za kawaida kama parasetamoli na zile za kupunguza uvimbe. Baada ya miezi 12 makundi yote mawili yaliweza kufanya shughuli zao sawasawa. Waliopewa dawa za kawaida walikuwa na maumivu kidogo kuliko wenzao, na madhara machache. Mwaka 2023 jaribio la Australia lenye watu 347 walioshikwa na maumivu mapya ya mgongo au shingo lilikuta dawa ya jamii ya afyuni haikuzidi kidonge kitupu kwa kupunguza maumivu baada ya wiki 6.

Tena, matumizi ya muda mrefu yanaweza kuufanya mwili uhisi maumivu zaidi ya awali. Mgonjwa huona maumivu yamezidi, akaongeza kidonge, na kidonge kikaongeza maumivu.

Marekani ililipia somo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1980 barua fupi ya sentensi 5 ilichapishwa kwenye jarida la kitabibu, ikisema uraibu ulikuwa nadra kwa wagonjwa waliolazwa hospitalini na kupewa dawa hizi. Barua hiyo haikuzungumzia watu wanaotumia dawa nyumbani kwa miezi. Hata hivyo ilinukuliwa zaidi ya mara 600, mara nyingi kama ushahidi kuwa dawa hizi hazina hatari. Kuanzia mwaka 1996 kampuni ya Purdue iliuza kidonge chake cha OxyContin kwa nguvu kubwa, na watu wengi walioanza na maumivu ya mgongo waliishia kwenye uraibu.

Kwa mgongo sugu, kinachosaidia zaidi kwa muda mrefu ni mazoezi yanayopangwa na mtaalamu wa fiziotherapia, kuendelea kutembea badala ya kulala kitandani, kubadili namna ya kuinua mizigo, na dawa za kawaida kwa ushauri wa daktari. Maumivu yanayoambatana na homa, kupungua uzito, ganzi ya miguu au kushindwa kuzuia mkojo yapelekwe hospitalini haraka. Tramadoli kwa sheria ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Aliyekwisha kuizoea asiiache ghafla kwa aibu. Amweleze daktari, apangiwe namna ya kupunguza.

Mtaa unaweza kufanya nini

Safari ya kila siku kutoka Kona ya Musa hadi Kombani ina gharama. Ipo nauli, ipo saa ya kazi inayopotea, na yapo macho ya watu. Mgonjwa akikosa siku kadhaa mfululizo hurudi nyuma, na huenda akalazimika kuanza tena kwa kipimo kidogo. Mwajiri anayemruhusu kibarua aingie saa 3 badala ya saa 1, mama anayetenga nauli ya kesho kabla ya kulala, na kondakta asiyemtania abiria wake, wote wana mkono katika tiba hiyo.

Maneno nayo yana uzito. Anayeitwa teja mbele ya watu hujificha, na anayejificha hujidunga peke yake, mahali ambapo hakuna wa kumwona akizidiwa. Kwa wanawake aibu ni mara mbili, na wengi hawafiki kwenye huduma kabisa.

Anayetaka kuanza tiba, au familia inayotaka ushauri, inaweza kuanzia kwenye kituo cha afya kilicho karibu, kwa mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji, au kwenye kliniki ya Kombani. Hospitali ya Rufaa ya Msambweni hupokea dharura. Mamlaka ya kitaifa ya kupambana na mihadarati, NACADA, ina nambari ya simu ya ushauri isiyotozwa malipo: 1192.

Kesho asubuhi matatu zitasimama tena Kona ya Musa. Atakayepanda kwenda kunywa dawa yake atakuwa amemaliza siku nyingine bila sindano. Na kule nyumba ya pili, chupa iliyo kabatini inaweza kutolewa leo jioni, kabla mama hajaanza kulia.